Ukali wa Mtoto si Ujinga

Watu wengi wakimwona mtoto mkaidi husema upesi, "Huyu hafundishiki." Hukumu hiyo ni nyepesi kutamka, lakini ni nzito kwake yeye inayemwangukia, maana huenda ikamfungia mlango wa elimu maisha yake yote. Yafaa basi kuipima kwa habari ya Helen Keller na mwalimu wake, Bibi Anne Sullivan.

Helen alizaliwa katika mji wa Tuscumbia, nchi ya Marekani, mwaka 1880. Alipokuwa na umri wa miezi 19 alipatwa na ugonjwa mkali, nao ulipomwacha ulikuwa umekwisha kuchukua macho yake na masikio yake. Tangu hapo akakua haoni, hasikii, wala hana neno la kumwelezea mama yake haja ya moyo wake. Akawa mkali mno. Alipiga watu mateke, na wakati wa chakula alitia mkono katika sahani ya kila mtu. Wako waliomdhania hana akili kabisa.

Bibi Sullivan alifika nyumbani kwao tarehe 3 Machi 1887, naye alikuwa na miaka 20 tu. Haukupita muda mrefu, Helen akamfungia chumbani, akauficha ufunguo, hata ikambidi baba yake kuleta ngazi na kumtoa mwalimu kwa dirishani. Mtu mwingine angalifunga mizigo yake akaenda zake. Lakini mtoto awezaye kufunga mlango, kuficha ufunguo na kuifurahia hila yake, je, huyo hana akili? Akili anayo, alichokosa ni njia ya kuitumia. Bibi Sullivan alilifahamu jambo hilo, kwani yeye mwenyewe alikuwa na macho mabovu tangu utoto, na alipoingia shule ya vipofu ya Perkins mwaka 1880 alikuwa na miaka 14, wala hajui kusoma.

Kwanza alitafuta utii. Akakaa na mtoto peke yao katika nyumba ndogo bustanini kwa muda wa majuma mawili hivi, na ukali ukaanza kupoa. Huku nyuma, kila siku alimwandikia maneno kwa vidole katika kitanga cha mkono, herufi baada ya herufi. Helen akaziiga herufi, asijue maana yake. Hata tarehe 5 Aprili wakaenda bombani; maji yakamwagika juu ya mkono mmoja, na katika mkono wa pili mwalimu akaandika jina la maji. Ndipo mtoto akafahamu kwamba kila kitu kina jina. Akauliza jina la ardhi, na la bomba, kisha akauliza jina la mwalimu wake. Asubuhi ile ile alikuwa amevunja mwanasesere wake bila huzuni yoyote. Aliporudi nyumbani alivitafuta vile vipande, akajaribu kuviunga, akalia. Yaani neno halikumpa maarifa tu, lilimpa na majuto.

Tangu siku ile kukua kwake kulikuwa kwa ajabu. Tarehe 17 Juni aliandika barua fupi kwa penseli, na mwisho wa Agosti alijua maneno zaidi ya 600. Mwaka 1904 akamaliza masomo yake katika chuo cha Radcliffe, akapewa shahada kwa heshima.

Katika habari hii sifa ya mwalimu si uvumilivu peke yake. Alikuwa na busara ya kuacha masomo ya saa maalum, akasema na mtoto mkononi mchana kutwa kwa maneno kamili, kama mama asemavyo na mtoto mchanga kabla hajaweza kumjibu. Tena hakuizima nguvu ya mtoto. Nguvu ile iliyopiga mateke ndiyo iliyouliza majina bila kuchoka. Mto ukijengewa ukuta hufurika na kuharibu mashamba, lakini ukichimbiwa mfereji huyanywesha.

Labda mtu atasema, "Bibi yule alikuwa na mwanafunzi mmoja; mwenye darasa la watoto 50 atafanyaje?" Neno hilo ni la haki. Mwalimu wa wengi hawezi kushika mkono wa mmoja kutwa nzima. Walakini yako mawili ayawezayo, nayo hayana gharama. Aweza kujizuia asitoe hukumu mapema. Tena aweza kumpima mtoto kwa kutazama alikoanzia, asimpime kwa wenzake. Na aliyejua herufi tatu jana akajua tano leo, amwambie wazi kwamba amekua.

Wala mwanafunzi mkali asijidanganye kwamba ukali wenyewe ni sifa. Helen hakusifiwa kwa kuficha ufunguo. Alisifiwa kwa sababu alikubali kufundishwa, akafanya kazi kwa bidii miaka mingi. Mwalimu huchimba mfereji, lakini maji ni ya mtoto mwenyewe, naye hana budi kuyaachilia yapite.