Sistimu Ikilala, Storeji Hailali

Kila serikali au kampuni kubwa inapozindua mfumo mpya wa kompyuta, hotuba huwa ni ile ile: foleni zitaisha, hongo itaisha, karatasi zitaisha. Utepe hukatwa, picha hupigwa, watu huenda kula. Swali lisiloulizwa siku hiyo ni hili: mfumo huu mpya utazungumza vipi na ile iliyokuwapo kabla yake, na mawasiliano yakikatika katikati, nani atalipa?

Sisi wa Mombasa tuna haki ya kuuliza, kwa sababu bandari yetu ni darasa zima la jambo hili. Forodha ilileta Simba mwaka 2005, mfumo wenye asili ya Senegal. Halmashauri ya Bandari ikaleta KWATOS mwaka 2008, teknolojia ya Korea Kusini, wa kupanga na kuhesabu makontena. KenTrade, iliyoundwa 2011, ikaja na dirisha moja la kielektroniki lililojengwa na kampuni ya Singapore. Baadaye Simba naye akastaafishwa, forodha ikahamia iCMS. Kila mfumo ulikuwa na sababu yake, na anayeikumbuka Kilindini ya mafaili, ya kutembeza karatasi dawati hadi dawati mpaka jua linatua, hawezi kutamani turudi kule.

Lakini mifumo hiyo ilinunuliwa na nyumba tofauti, kwa miaka tofauti, kila nyumba ikitazama haja yake. Forodha inataka ushuru, bandari inataka nafasi uwanjani, dirisha moja linataka vibali vya KEBS, KEPHIS na wengineo. Kontena ni lile lile, nambari yake ni ile ile, herufi nne na tarakimu saba, ila kila nyumba inalitazama kwa macho yake.

Kazi ya kuyafanya haya yote yasikizane wataalamu huiita usanifu wa mifumo. Si kununua kompyuta, na si kuandika programu. Ni kama fundi mkuu anayeamua, kabla msingi haujachimbwa, maji yatapita wapi na chumba kitakachoongezwa baada ya miaka 10 kitashikana na ukuta gani. Kwa upande wa kompyuta, maamuzi ni kama haya: uzito wa mzigo, mwenye taarifa ni nani? Upande mmoja ukisema tani 24 na mwengine tani 26, inafuatwa ipi? Huyu akirekebisha, yule ataarifiwa papo hapo au kesho? Na yule asipojibu, mzigo usimame au uendelee?

Tazama vizuri utaona hakuna hata swali moja hapo la waya au umeme. Ni maswali ya mamlaka. Mkubwa wa idara kukubali kwamba taarifa fulani mwenyewe ni jirani yake, kwake ni kama kupunguziwa kiti. Basi hufanywa lililo rahisi: mashine huunganishwa, idara zikabaki mbali mbali, na pengo linazibwa na karani. Nilikuwa karani wa mizigo kabla ya kuanza kuandika, nayajua mapengo hayo. Nambari moja ya kontena niliigonga mara tatu kwenye skrini tatu, na kila mara ya kugonga ni nafasi mpya ya kukosea. Tarakimu moja ikiteleza, mifumo haikubaliani, na mzigo wa mtu unakaa.

Kuna hatari ya upande wa pili pia, ambayo wapenzi wa teknolojia hawaisemi sana: kuunganisha kupita kiasi. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, na waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alikiri hadharani. Huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimepitishwa mlango huo mmoja. Siku hizo hata kukata tikiti ya treni ya Mombasa na Nairobi mtandaoni kulikuwa taabu.

Lililowapata Maersk, ambao makontena yao tunayaona kila siku barabara ya Changamwe, linafundisha zaidi. Juni 2017 kirusi kiitwacho NotPetya kiliwaingia kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine. Seva zao kuu za kutambua watumiaji zilikuwa nyingi, zimetapakaa duniani, na zimesanifiwa kila moja iwe nakala ya mwenzake. Hesabu nzuri, ila hakuna aliyefikiria siku zote zitafutwa pamoja. Iliyosalimika ilikuwa moja, ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko! Kampuni nzima ikajengwa upya kutokana na ile moja: seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Hasara ilikadiriwa dola milioni 250 hadi 300. Hata hivyo mwenyekiti wao alisema shehena ilipungua asilimia 20 tu, kwa kuwa wafanyakazi waliendelea kwa mikono.

Hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha. Wazee walioweza kuendesha bandari kwa daftari wanastaafu mmoja mmoja, na vijana wetu wamefundishwa skrini peke yake. Je, Kilindini kuna utaratibu ulioandikwa, uliofanyiwa mazoezi, wa kutoa mzigo pale mfumo unapolala? Kwenye madirisha ya mawakala jibu tulilolizoea ni maneno matatu: sistimu iko chini. Basi unangoja.

Na kungoja kuna bei. Siku za kontena zinahesabiwa, storeji inapanda, mwenye meli naye ana demareji yake, lori limesimama na dereva anataka posho. Anayetaka kusamehewa aandike barua aombe, kana kwamba yeye ndiye aliyezima mashine. Tajiri ana wakili wa kumwandikia. Mwenye duka wa Kongowea aliyeleta kontena moja kwa mwaka analipa, halafu bei anaipandisha, na mwisho wa yote ni mimi na wewe tunaolipa pale kaunta.

Wabunge wetu wa Pwani, badala ya kugombania nani alialikwa kwenye uzinduzi, wangedai kifungu kimoja kiingie katika viwango vya ada za bandari: saa ambazo mfumo wowote wa serikali haukufanya kazi zisihesabiwe, na msamaha uje wenyewe bila ya barua. Si jambo gumu kulipima. Mfumo uliosanifiwa vizuri hujiandikia wenyewe ulianguka saa ngapi na ulisimama saa ngapi. Kilichobaki ni kuziweka kumbukumbu hizo pahali ambapo wakala wa Mwembe Tayari anaweza kuzifungua na kuzisoma.