Si wote watakaosoma habari kwenye televisheni

Iwapo nyumbani kwako kuna kijana anayesomea uandishi wa habari, muulize angependa kufanya kazi gani. Aghalabu atakujibu kwamba anataka kusoma habari kwenye televisheni. Si vibaya, lakini wasomaji wanaohitajika ni wachache mno, na karo uliyolipa kwa jasho haifai kutegemea kiti kimoja hicho.

Nafasi nyingine zipo. Kuna wahariri, wasoma prufu, watafsiri, wapiga picha na watayarishaji wa vipindi vya redio. Isitoshe, tangu 2013 tuna serikali 47 za kaunti, nazo huajiri maafisa wa mawasiliano. Huko mshahara ni wa mwezi, tofauti na mwandishi wa mashinani anayelipwa kwa kila habari iliyochapishwa, ingawa ujue mapema kwamba kazi yako itakuwa kumsifu mwajiri.

Sasa wewe mwanafunzi, nisikilize. Umefunzwa kwa Kiingereza, kisha siku moja mhariri atakutuma mahakamani na kutaka habari kwa Kiswahili. Je, wajua tofauti ya mshukiwa na mshtakiwa? Aliyekamatwa na polisi ni mshukiwa. Akishafunguliwa mashtaka kortini ndipo awe mshtakiwa. Ukimwita mwizi kabla ya hakimu kumpata na hatia, huenda wewe na gazeti mkashtakiwa kwa kumharibia jina. Neno moja tu, na pesa nyingi zimekwenda.

Jambo jingine ni hesabu, ambayo wengi wenu mliikimbia shuleni mkidhani huku haitawafuata. La hasha! Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, na Kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010 kinampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita kutoa ripoti yake. Ripoti hizo zi wazi kwa kila mtu. Itafute ya kaunti yenu, uchague ukurasa mmoja tu, tuseme unaotaja zahanati iliyolipiwa na haijakamilika. Kisha panda matatu uende ukaione. Je, ina paa? Wagonjwa wanatibiwa wapi? Zungumza na wakazi, na umuulize pia afisa anayehusika, hata akikufukuza.

Habari hiyo iandike kwa Kiswahili safi, kisha uiambatanishe na barua yako ya kuomba nafasi ya mazoezi.