Tafakari ya Juma: Bei Isitangulie Ugonjwa



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu, juma hili tunaomba kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uzito wowote wa kiroho: giaboksi ya gari. Wako watakaosema kwamba ukurasa huu ni wa Injili na si wa gereji. Lakini palipo na fedha za watu wa hali ya chini, palipo na mtu anayejua na mwingine asiyejua, na palipo na ahadi inayotolewa kwa maandishi, hapo dhamiri imekwisha kuingia, tupende tusipende.

Jambo lenyewe ni hili. Gari la parokia yetu, ambalo lilinunuliwa likiwa limetumika Japani kama yalivyo magari mengi ya nchi yetu, limeanza kugoma milimani. Likipanda kutoka Sangasanga kuelekea Langali na Nyandira, injini inanguruma lakini gari halisongi. Gia huchelewa kuingia, kisha huingia kwa kishindo. Taa ya joto la mafuta ya giaboksi imewaka mara 2. Gari lilipelekwa Dar es Salaam kwa wakala anayeuza na kutengeneza magari ya aina hiyo, likakaa huko siku 2, nasi tukaletewa hati ya makadirio ya ukurasa mmoja. Giaboksi mpya kamili, shilingi 14,000,000. Ufundi, shilingi 900,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, shilingi 2,682,000. Jumla, shilingi 17,582,000. Kwa nini giaboksi nzima ibadilishwe, hati haisemi.

Jumapili ijayo Halmashauri ya Parokia itakaa kuamua. Fedha hizo ni zaidi ya yote yaliyochangwa kwa miaka 2 kwa ajili ya bati za kigango kimoja cha milimani. Ni fedha za kabichi, karoti na njegere, zilizobebwa kichwani hadi barabarani na kuuzwa kwa bei aliyoipanga mnunuzi. Kwa upande mwingine, gari hilo ndilo linalompeleka padre kwenye vigango ambako Misa huadhimishwa mara moja kwa mwezi, na ndilo linalogongewa hodi usiku wa manane mama anaposhindwa kujifungua na inabidi ashushwe mjini. Kulipa kunauma, kutolipa nako kunauma. Hapo ndipo penye mtihani.

Maoni ya waamini yamegawanyika. Wapo wanaosema: "Baba Paroko, wale ni wakala wa kampuni, wanajua kazi yao, tulipe tu yaishe." Wapo pia wanaosema kwamba yupo kijana hapo Msamvu atakayeifungua giaboksi hiyo chini ya mwembe na kuirudisha kwa laki 8. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinabishania bei ya dawa kabla mganga hajasema mgonjwa anaumwa nini. Maoni yetu ni haya: hati hii isilipwe kama ilivyo. Hatusemi hivyo kwa sababu ya ukubwa wa bei, kwani vitu vya ghali vipo na huenda hiki ni kimojawapo. Tunasema hivyo kwa sababu imetaja bei bila kutaja ugonjwa.

Tueleze kidogo ili tuelewane. Katika gari la otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga kwa mguu. Kati ya injini na giaboksi kuna kifaa kiitwacho toki konveta, ambacho hupeleka nguvu kwa njia ya mafuta. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayosukuma vali, yanayobana sahani za klachi zilizomo ndani na yanayopoza kila kitu. Gari linapopanda mlima polepole likiwa na mzigo, toki konveta huteleza sana, na kuteleza huko huzaa joto. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Nyandira iko zaidi ya mita 1,500. Njia yote hiyo ni kona, makorongo na, wakati wa masika, utelezi. Dereva akiacha gia kwenye D badala ya kushusha kwenye 2 au L, gari hubadilisha gia huku na huko bila kutulia, na joto huzidi. Mafuta yakipata joto mno huchakaa, hupoteza rangi yake nyekundu, huwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua. Mafuta yakishachakaa, sahani za klachi nazo huanza kuungua.

Basi, dalili zile zile tulizozitaja zaweza kutokana na mambo mengi. Yawezekana mafuta yamepungua kwa sababu sili inavuja. Yawezekana mafuta si ya aina inayotakiwa, kwani mafuta ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki hayafai kwa giaboksi ya CVT, wala ya CVT hayafai kwa ile ya kawaida. Huenda kipoozeo kimeziba kwa tope, au solenoidi moja, yaani kile kivali kidogo cha umeme, imekufa. Waya nao waweza kuwa umeliwa na panya. Na yawezekana kweli kwamba klachi zote zimeungua na giaboksi imekwisha. Kati ya sababu ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti ya mamilioni. Anayejua ni ipi ni yule aliyepima kiwango, rangi na harufu ya mafuta, akasoma kumbukumbu za hitilafu kwa kompyuta, akapima msukumo wa mafuta, na akafungua sampu ya chini kuona kama kuna chembe za chuma. Kazi hiyo inastahili malipo yake. Lakini inapasa ifanyike kwanza, na matokeo yake yaandikwe.

Tusiwaonee wakala. Wanayo sababu ya kupendelea kubadilisha giaboksi nzima. Kuifumua giaboksi ya otomatiki kunahitaji fundi aliyebobea, vifaa maalumu na mahali safi kabisa, maana punje ya mchanga huweza kuzuia vali. Aidha, wakifunga mpya wanaweza kutoa dhamana kwa moyo mkunjufu, lakini wakikarabati iliyochakaa hawajui itadumu muda gani. Hiyo ni hoja ya haki, nasi tungeipokea kwa heshima kama ingesemwa. Kinachotukwaza ni kimya. Mtu aliyelitazama gari siku 2 anajua jambo fulani ambalo sisi hatulijui, na hati yake imetupatia tarakimu tu.

Vivyo hivyo tusimdharau fundi wa mtaani, wala tusimfanye malaika. Hapa Morogoro tunacho chuo cha VETA Kihonda, na miongoni mwa mafundi wa mji huu wamo wenye mikono ya dhahabu. Lakini laki 8 zilizotajwa kabla gari halijaonekana zina kasoro ile ile ya zile milioni 17: nazo zimetangulia ugonjwa. Na yule anayetushauri kununua giaboksi iliyotumika Ilala au Gerezani inafaa aulizwe: imetoka kwenye gari la mwaka gani, ina namba ileile ya modeli, na ikikataa baada ya wiki 2 nani atairudisha? Rahisi huweza kuwa ghali, hasa kwenye kona za Mgeta ambako gari lisiloshika gia wakati wa kuteremka ni hatari kwa roho za watu.

Jambo hili si la Morogoro peke yake. Mwezi Aprili mwaka 2018, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliiamuru kampuni ya Ford ya nchi hiyo kulipa adhabu ya dola milioni 10 za Australia. Kisa kilikuwa namna ilivyowashughulikia wateja waliolalamikia giaboksi ya PowerShift katika magari ya Fiesta, Focus na EcoSport. Magari yalikuwa yakitetemeka, na baadhi ya wenye magari waliambiwa kwamba tatizo ni uendeshaji wao, ilhali kampuni ilikuwa inajua kwamba giaboksi hiyo ina matatizo. Tuangalie vizuri: kosa halikuwa kutoza bei kubwa. Kosa lilikuwa kumwacha asiyejua aendelee kutojua, na hata kujilaumu, wakati mwenye kujua yupo mbele yake. Na uko mfano wa upande wa pili. Nchini Marekani, kampuni ya Nissan iliongeza dhamana ya giaboksi za CVT za magari yake ya miaka ya 2003 hadi 2010 ikafikia miaka 10 au maili 120,000. Dhamana kama hizo kwa kawaida hazilifuati gari lililotumika hadi huku kwetu, lakini zinatufundisha kwamba swali "Je, ugonjwa huu unajulikana katika magari ya aina hii?" ni swali la haki, na fundi mwaminifu hatalichukia.

Sheria za nchi yetu nazo hazikunyamaza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Hata hivyo, wapendwa, kabla ya tume kuna dhamiri. Mafundisho ya Kanisa kuhusu amri ya saba hayaishii kwa mwizi wa usiku. Yanamgusa pia anayetumia ujinga au shida ya mwenzake kujipatia faida isiyo ya haki. Maarifa ya fundi, kama yalivyo maarifa ya daktari na ya padre, ni amana. Anayeyatumia kumfumba macho mwenzake ameigeuza amana kuwa mtego. Na sisi wateja tunao wajibu wetu: kuuliza si ujinga. Bwana wetu alipozungumza juu ya mtu anayekusudia kujenga mnara, alimsifu yule anayeketi kwanza na kuhesabu. Huwezi kuhesabu kile ambacho hakijatajwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa Halmashauri ya Parokia mambo yafuatayo:

Kwanza, wakala aandikiwe barua ya heshima kuombwa taarifa ya uchunguzi: walipima nini, waliona nini, na kwa nini ukarabati haufai. Kama uchunguzi huo una gharama, ilipwe.

Pili, gari lichunguzwe na fundi mwingine wa giaboksi, asiyejua bei ya kwanza, naye aandike alichokiona. Taarifa mbili zikikubaliana kwamba giaboksi imekufa, basi tulipe pasipo manung'uniko, na bati za kigango zisubiri. Tutasimama altareni na kuwaeleza hivyo.

Tatu, popote gari litakapotengenezwa, masharti yawe kwenye karatasi kabla ya spana kushikwa: muda wa dhamana, aina ya mafuta yatakayotiwa, na kurudishiwa vifaa vya zamani. Risiti ya EFD itolewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, tangu sasa hadi jibu lipatikane, gari lisipande mlimani. Kulilazimisha ni kugeuza ugonjwa mdogo kuwa mkubwa. Vigango vya juu tutavifikia kwa pikipiki na kwa miguu. Watangulizi wetu wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na baadaye kupanda Uluguru, hawakuwa na giaboksi, na Injili ilifika. Lakini kwa ajili ya wagonjwa tunawaomba wenye magari katika jumuiya zetu wajipange kwa zamu, maana uchungu wa mama hausubiri kikao cha Halmashauri.

Tano, na hili ni letu sote, uwekwe mfuko wa matunzo ya gari. Watu wetu ni wakarimu kwa harambee ya kununua, ambapo kuna ngoma, vigelegele na picha. Kwa galoni ya mafuta ya giaboksi hakuna anayepiga vigelegele. Na bado kampuni ya ZF ya Ujerumani, inayounda giaboksi kwa ajili ya magari ya kampuni nyingi, inashauri mafuta ya giaboksi zake za otomatiki yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na barabara zetu haziyapi mafuta maisha marefu kuliko barabara za Ulaya. Mababu walituambia: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Matunzo ni ukarimu usioonekana, na mara nyingi ndio unaookoa zaidi.

Mwisho, tunawaomba mtuchukulie kwa wema kila mliye fundi, mhasibu wa gereji au mwuza spea katika parokia hii. Hatukuandika haya ili kuwashutumu. Mnazo mikono ambayo maisha ya wengine hukabidhiwa bila wao kujua. Mtu anapowaletea gari lake na uso wa wasiwasi, mwambieni kwanza gari linaumwa nini, kwa maneno anayoyaelewa. Kisha mtajieni bei yenu ya halali, iwe kubwa au ndogo, naye ataondoka akiwa ameheshimiwa.

Halmashauri itakutana Jumapili mara baada ya Misa ya pili. Kila mwenye maoni anakaribishwa, hata asiyekubaliana nasi.

Tunawatakia juma jema lenye amani. Mungu awabariki nyote.