Kikohozi cha Kazini: Usikimbilie Kortini Kwanza

Hebu tuzungumze kuhusu yule mzee wa mtaani ambaye watu humtambua kwa kikohozi kabla hawajamuona. Pengine alikata mawe Mazeras, au alibeba mifuko ya simiti, au alikuwa bandarini wakati klinka inashushwa. Siku hizi akipanda ngazi kidogo tu anasimama kutafuta pumzi. Nyumbani wanasema ni sigara. Mwenyewe anasema ni baridi. Alipewa dawa za TB, akazimaliza, na kikohozi bado kipo.

Pengine mzee huyo ni babako. Pengine si mzee hata kidogo, ni wewe mwenyewe na una miaka 27.

Lile jiwe bapa la Mazeras tunalotandika uani na kubandika kutani ni jiwe la mchanga, na ndani yake kuna silika. Ukilikata kwa mashine bila maji, linatoa vumbi laini kiasi kwamba sehemu yake mbaya zaidi hata jicho haliioni. Vumbi hilo linafika chini kabisa ya mapafu na kukaa huko. Mapafu yanafanya makovu, yanakakamaa, pumzi inakuwa fupi. Ugonjwa wenyewe unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, mara nyingi unachukua miaka kumi na zaidi kujitokeza, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Tena mwenye silikosisi hushikwa na TB kwa urahisi kuliko wengine. Kwa hivyo mtu akikwambia "huyu alikuwa na TB, basi si mambo ya kazi", usikubali haraka. Zote mbili zinaweza kuwa ndani ya kifua kimoja.

Sasa tuje kwa sheria, maana hapa ndipo vijana wengi wanakosea njia. Jambo la kwanza linalokuja kichwani ni wakili, kesi, "tutaonana kortini". Tulia kwanza. Kenya kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile watu huiita WIBA, na haihusu kukatika vidole tu. Magonjwa yanayotokana na kazi yamo. Kifungu cha 16 kinafunga njia ya kwenda moja kwa moja kortini kudai fidia kwa mwajiri. Mawakili waliipinga sheria hii kwa miaka, na Mahakama Kuu mwaka 2009 iliwahi kubatilisha baadhi ya vifungu vyake. Lakini Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi: mfanyakazi aanze kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yaani ofisi ya DOSHS. Leo ukifungua kesi bila kupitia huko, unaweza kupoteza miaka miwili halafu uambiwe umebisha mlango usio wako.

Mtu akisikia hivyo anaona serikali imemziba mdomo. Mimi naona tofauti kidogo. Njia ya DOSHS haihitaji kwanza pesa za wakili, na haihitaji uthibitishe kwamba mwajiri alizembea. Unachothibitisha ni kwamba ulikuwa mfanyakazi wake na kwamba ugonjwa umetokana na kazi hiyo. Kwa kibarua asiye na akiba, hilo si jambo dogo. Udhaifu wake uko kwingine. Sheria hii iliandikwa kama kwamba kila madhara yana tarehe. Mkono ukikatwa na mashine Jumanne saa nne, tarehe ipo, mashahidi wapo, damu ipo. Mapafu je? Yaliharibika siku gani?

Ndiyo maana nakuomba uishughulikie siku ambayo daktari ameandika jina la ugonjwa kama ndiyo siku ya ajali. Dai la ajali linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12, na usimpe mtu nafasi ya kubishana nawe kuhusu hesabu hiyo. Mjulishe mwajiri wiki hiyohiyo. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini wewe andika, hata kama ni ujumbe wa simu, na ubaki na nakala. Mwajiri naye anatakiwa kuripoti kwa Mkurugenzi kwa fomu ya DOSH/WIBA 1, na daktari ana sehemu yake ya kujaza. Mwajiri akikwepa, nenda mwenyewe ofisi ya DOSHS iliyo karibu nawe ukaseme hivyo.

Kuhusu daktari: mwambie kazi. Watu wetu wakifika hospitali wanasema "nakohoa" na kunyamaza, daktari naye ana foleni nje ya mlango. Sema nilikata mawe miaka minane, vumbi lilikuwa hivi, maji hayakutumika, barakoa sikupewa. Omba iandikwe kwenye faili. Omba picha ya kifua na kile kipimo cha kupuliza pumzi kwenye mashine. Kama vipimo vya TB vimetoka safi, karatasi hiyo usiitupe, kwa maana siku moja itakuwa na thamani kuliko ile ya dawa.

"Lakini mimi sina barua ya kazi." Wengi hawana. Mkataba wa mdomo ni mkataba chini ya Sheria ya Ajira ya 2007. Na ikiwa kazi ilipaswa kuwa na mkataba wa maandishi na mwajiri hana wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai unamwangukia yeye. Wewe tafuta alama ulizoacha. Ulilipwa kwa M-Pesa? Toa taarifa ya miezi hiyo, jina la aliyetuma litaonekana. Uliwahi kukatwa NSSF? Rekodi ipo. Una picha kwenye simu ukiwa timboni na wenzako, weupe kama waliomwagiwa unga? Ihifadhi, pamoja na majina ya hao wenzako. Na kama wewe ndiye kijana wa nyumba mwenye simu nzuri na unaejua kuandika, kazi hii ni yako. Usimwachie mzee.

Fidia inahesabiwaje? Kwa ulemavu wa kudumu, msingi ni mshahara wa miezi 96, kisha inaangaliwa asilimia ya ulemavu ambayo daktari amepima. Chukua mfano: mtu alikuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni 1,440,000. Akipimwa asilimia 30, ni 432,000. Unaona kwa nini ile "pole" ya elfu ishirini kwenye bahasha, pamoja na karatasi ya kutia sahihi, si ya kupokelewa kwa pupa? Usitie sahihi kitu ambacho hujasomewa ukakielewa.

Mkurugenzi akitoa uamuzi, mwajiri au kampuni yake ya bima anadaiwa. Asiyeridhika, awe wewe au yeye, ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi, na jibu likija bado halijamridhisha, ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapo sasa wakili ana kazi. Wengine wameshinda kwa DOSHS, mwajiri akakaa kimya tu bila kulipa, ikabidi waende mahakama hiyohiyo kuomba uamuzi ule utekelezwe kama hukumu. Ni jambo la kukera, kwamba mgonjwa ashinde halafu alazimike kushinda tena. Bunge lingeweza kulirekebisha kwa kifungu kimoja.

Na majirani wanaokula vumbi bila kuwa wafanyakazi? Njia yao ni nyingine, ni Katiba: Kifungu cha 42 kinatoa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuitetea. Wakaazi wa Owino Uhuru hapa Mombasa waliitumia kwa sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukatenguliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Taasisi za serikali zilibebeshwa sehemu kubwa ya malipo kwa kutofanya kazi yao. Walikuwa na vipimo vya damu mikononi, na walikwenda pamoja.

Wewe ambaye bado uko kazini na kifua chako ni kizima, Sheria ya Usalama na Afya Kazini inamtaka mwenye eneo la kazi alinde watu wote wanaofanya kazi humo, hata walioletwa na kontrakta. Vumbi lizuiwe, vifaa vya kujikinga vitolewe. Mkiwa 20 au zaidi, kuwe na kamati ya usalama. Uliza iko wapi.

Limebaki moja, na ni zito. Sisi tunazika haraka, na wengi wanafia nyumbani. Mzee wa kikohozi akiondoka alfajiri, adhuhuri ameshazikwa, na kwenye karatasi ya kifo sababu imeandikwa "kikohozi" au "maradhi ya kawaida". Wanaomtegemea wana haki ya kudai ndani ya miezi 12 tangu kifo, lakini nani atajua alikufa na nini? Kuzika haraka hakuzuii mtu mmoja wa familia kwenda hospitali alikotibiwa kuomba nakala ya faili na ripoti ya daktari. Na mjane akiingia eda, miezi minne na siku kumi, saa ya sheria haisimami kumsubiri. Dai linaweza kuwasilishwa kwa niaba yake, kwa hivyo mwana wa kiume au binti aende DOSHS mama akiwa bado ndani.