Kumbukumbu Inayochagua: Urejelezi wa Star Trek na Hatima ya Neno Uhuru

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba kazi ya sanaa inaporejelewa na kazi nyingine, huwa tayari imetunukiwa heshima. Kwao, wingi wa marejeleo ni kipimo cha ukuu. Dai hili limezoeleka mno, hata ni nadra kuulizwa ni kipi hasa kinachorejelewa na kipi kinachoachwa. Makala haya yanalipinga kwa kuchunguza jinsi Star Trek, tamthilia ya bunilizi ya kisayansi iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ilivyorejelewa na vipindi vingine vya televisheni. Huenda msomaji akashangaa kuiona mada hii katika jarida la uhakiki wa fasihi. Mshangao huo utapungua akifahamu kwamba Kiswahili kilisemwa katika tamthilia hiyo tangu usiku wake wa kwanza.

Katika "The Man Trap", sehemu iliyotangulia kuonyeshwa, kiumbe chenye uwezo wa kujibadili umbo kinamjia Luteni Uhura kwa sura ya mwanamume Mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Katika "The Changeling" (1967), Uhura amefutwa kumbukumbu. Anapofunzwa upya kusoma Kiingereza anakwama, na lugha inayomtoka kinywani ni Kiswahili. Jina lake lenyewe limetokana na neno uhuru. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilo, iliyochapishwa mwaka 1962 na kuhusu Kenya. Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia, akalipenda neno, nalo likalainishwa likawa Uhura. Ni kweli kwamba neno hilo lilifika Hollywood kwa njia yenye kasoro, likipitia macho ya mwindaji wa Kimarekani. Hata hivyo lilifika, na akapewa mwanamke Mweusi mwenye cheo katika chumba cha uongozi, wakati ambapo Wamarekani Weusi walikuwa bado wakipigania haki za kiraia.

Je, warejelezi waliufanyia nini urithi huo? Mnamo Mei 1976, Saturday Night Live ilionyesha kichekesho ambamo mkuu wa shirika la televisheni anaingia ndani ya chombo cha anga kutangaza kwamba kipindi kimefutwa. Mwishowe Kapteni Kirk, akiigizwa na John Belushi, anabaki peke yake kitini mwake. Mwaka 1986 kipindi hicho hicho kilimleta William Shatner, aliyekuwa Kirk halisi, awakemee mashabiki kwa kupoteza maisha yao katika mambo ya kubuni. Kigezo kikawa kimewekwa: kapteni wa kuigwa na shabiki wa kuchekwa.

Linaloudhi zaidi ni suala la lugha. Kiklingoni, lugha ya viumbe wa kubuni, kiliundwa na mwanaisimu Marc Okrand, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1985. Mwaka 2002, katika "Star Mitzvah", sehemu ya Frasier, baba anataka kumbariki mwanawe kwa Kiebrania kwenye sherehe ya Kiyahudi ya kuingia utu uzima. Mfanyakazi mwenzake aliyeudhika anamfunza Kiklingoni badala yake, naye anakikariri mbele ya umati bila kujua. Katika The Big Bang Theory, wahusika hucheza mchezo wa kuunda maneno kwa Kiklingoni. Lugha isiyo na taifa ikapewa jukwaa. Lugha hai ya mamilioni ya watu, iliyotangulia kusikika ndani ya chombo hicho hicho, haikupewa jukwaa la namna hiyo.

Watetezi wa mwigo wa dhihaka watajibu kwamba mzaha hauna budi kutegemea kinachojulikana. Utetezi huu hausimami. Mzaha wa Frasier unachekesha kwa sababu msemaji na takriban wote wanaomsikiliza hawaielewi lugha inayosemwa. Isitoshe, kinachojulikana hujulikana kwa kurudiwarudiwa, na anayeamua cha kurudiwa ni mrejelezi mwenyewe. Watataja pia Futurama, ambayo mwaka 2002 ilimshirikisha Nichols kwa sauti yake. Sauti ilikuwepo, lakini kitovu cha kisa kilikuwa tena shabiki aliyepotoka, safari hii kiumbe wa nishati anayewateka waigizaji ili waigize andiko lake. Wala Star Trek yenyewe haina usafi kamili: Nyota, jina la kwanza la Uhura, halikusikika kwenye skrini hadi filamu ya mwaka 2009.

Kwamba urejelezi wa maana unawezekana kunathibitishwa na "USS Callister" ya Black Mirror (2017). Humo mtaalamu wa kompyuta anaunda nakala za wafanyakazi wenzake na kuwafungia ndani ya mchezo ulioigwa kutoka tamthilia ya aina hiyo, yeye akiwa kapteni asiyepingwa. Wafungwa, wakiongozwa na mwanamke, wanapanga njama na kutoroka. Neno uhuru halitamkwi, ila ndilo linalokisukuma kisa. Matini mpya imekikabili kiti cha kapteni na kuuliza nani alinyamazishwa ili mtu mmoja akikalie.

Nadharia ya mwingilianomatini, istilahi iliyobuniwa na Julia Kristeva katika miaka ya 1960, hufunza kwamba matini hujengwa kwa matini nyingine. Malumbano ya ushairi wa Kiswahili yalilijua hilo zamani na yakaliwekea sharti: anayejibu huikamata hoja ya mwenziwe na kuijibu hiyo. Anayeshika vina na mizani akaiacha hoja hajajibu, hata beti zake zikiimbika vipi. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya marejeleo yaliyotajwa hapa yameshika masikio ya Spock na kiti cha Kirk, na kuiacha hoja. Kazi ya mhakiki wa Kiswahili si kuyahesabu na kuyashangilia. Ni kuuliza, kila yanapotokea, Uhura yuko wapi.