Fari zenye ukungu: si jambo la urembo

Ndugu mtumishi, wewe mwenye motokari au pikipiki, simama leo mbele ya gari lako utazame fari zake. Usizitazame kama mtu anayetaka kuliuza. Zitazame kama mtu atakayekutana nazo njiani usiku. Je, unaona ampuli iliyo ndani, pamoja na kile kioo cha nyuma kinachorudisha mwanga? Ama unaona kitu cha manjano, cheupecheupe, kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho?

Wengi watajibu: "Haizuru, taa zinawaka." Ndiyo, zinawaka. Lakini kuwaka ni jambo moja, na kumulika njia ni jambo lingine. Sisi tunasema wazi: fari yenye ukungu ni chombo kilichoharibika, sawa na breki iliyokwisha. Kuitengeneza ni kazi ya usalama, na kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe uani kwako kwa franga kidogo.

Fikiri mtumishi wa Kipushi anayeshuka chini ya ardhi. Akipewa taa ya kofia ambayo mwanga wake umebaki robo tu, ataipokea? Atairudisha palepale, na hakuna mkubwa atakayemlaumu. Vilevile motokari ya kampuni haiingii mgodini pasipo kuangaliwa taa, bendera, honi na breki. Lakini mtu yuleyule, akimaliza zamu ya usiku, anapanda motokari yake mwenyewe na kushika njia ya nyumbani kwa fari zisizoonyesha hata mita 20. Kwa sababu gani usalama ukome kwenye mlango wa kampuni? Bibi na watoto wanaomngoja hawaulizi kama ajali imetokea ndani ya saa za kazi au nje.

Na njia yetu tunaijua. Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni kama kilomita 120, na toka Likasi mpaka Kolwezi kama 180. Makamio makubwa yanapita usiku na mchana. Kando ya njia, kabla jua halijatoka, kuna watu wanaosukuma baisikeli zilizopakiwa magunia ya makala, pasipo taa hata moja. Kuna mama wanaokwenda soko na watoto wanaokwenda masomo. Hao wote hawana fari. Wanategemea zako.

Sasa piga hesabu kidogo. Motokari inayokwenda kilomita 80 kwa saa inapita mita 22 kwa kila sekunde. Toka shofere aone mtu mpaka mguu wake uguse breki, karibu sekunde moja imekwisha. Kisha breki zenyewe, hata zikiwa nzuri na njia ikiwa kavu, zinahitaji mita 35 au zaidi. Jumla ni karibu mita 60. Kama fari zako zinaonyesha mita 20 tu, utamwona yule mtu wa makala, lakini hutaweza kusimama mbele yake. Mwaka 2018, chama cha wenye magari cha Marekani kinachoitwa AAA kilipima fari zilizoharibiwa na jua. Kilikuta kwamba kwa taa ndogo zilitoa karibu 22 tu kwa mia ya mwanga wa fari mpya. Zilipong'arishwa, mwanga ulirudi mpaka karibu 70 kwa mia. Hazikuwa mpya tena, lakini toka 22 kufika 70 si mchezo.

Ukungu huo unatoka wapi? Zamani fari zilikuwa na kioo kabisa, na magari mengine ya zamani ya kazi bado yanacho. Tangu miaka ya 1980 huko Marekani, na miaka ya 1990 huko Ulaya, viwanda vilianza kutumia plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti. Ni nyepesi na haivunjiki upesi, lakini ngozi yake ni laini. Kwa hiyo kiwandani huipaka vanishi ya kuilinda na jua. Vanishi hiyo ikichoka, jua linaichoma plastiki na kuifanya manjano. Kisha linakuja vumbi letu la kiangazi. Vumbi hilo lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko plastiki, na mtu anayefuta fari kwa kitambaa kikavu anaikwaruza kwa mkono wake mwenyewe kila asubuhi. Mwaga maji kwanza, kisha futa.

Kabla hujaanza kazi, gonga fari kwa ukucha. Ikilia kama glasi, ni kioo: ioshe tu, usiipige msasa. Ikitoa sauti nzito, ni plastiki. Tazama pia kama ukungu uko nje au ndani. Ukiona matone ya maji ndani, kusugua nje hakutasaidia kitu. Maji yanaingia kwa mpira uliochoka au kwa ufa, na hapo sherti fari ifunguliwe, ikaushwe na kuzibwa, ama ibadilishwe.

Tafuta karatasi ya msasa ya maji, ile watu wa garaji wanayoita emeri, ya namba 1000, 2000 na 3000. Ukungu ukiwa mnene sana, anza na 800. Tafuta pia pasta ya kung'arishia rangi ya magari, vitambaa safi, ndoo mbili za maji, sabuni, na utepe wa kubandika. Osha fari kwa sabuni. Bandika utepe kuizunguka, maana msasa ukigusa rangi ya gari utakuwa umejitafutia kazi nyingine. Loweka karatasi katika maji, kisha sugua kwa mkono mwepesi, upande mmoja tu, kwa mfano toka kushoto kwenda kuume. Maji yatatoka ya manjano. Hiyo ni vanishi iliyokufa. Endelea mpaka yawe meupe kama maziwa. Ukishika namba inayofuata, sugua toka juu kwenda chini, ili uone mikwaruzo ya kwanza inavyokwisha. Usiruke namba. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: wanaona fari imekuwa nyeupe kuliko mwanzo, wanaogopa, wanaruka mpaka pasta. Weupe huo ni wa kawaida, na utaondoka na namba 3000 na pasta.

Usisugue kavu hata kidogo. Maji yanalinda plastiki, na yanalinda mapafu yako pia. Watu wa mgodi hawahitaji kufundishwa habari ya vumbi na mapafu.

Na pasta ya meno, ambayo kila mtu mtaani anaisifu? Si uongo. Ina chembe ndogo za kusugua, na kwa ukungu mwembamba inasaidia. Lakini haileti ulinzi mpya, na baada ya miezi michache utaona manjano yamerudi. Petroli, asetoni na dawa ya kufukuza mbu, hapana kabisa. Zinang'arisha kwa siku moja, kisha plastiki inapasuka nyufa ndogo ndogo ambazo hakuna msasa utakaoziondoa.

Mwisho wa kusugua, plastiki iko uchi. Sherti uipake kitu cha kuilinda na jua. Waksi ni ya majuma machache tu, kisha unarudia. Vanishi ya kupuliza yenye kuzuia jua inakaa zaidi, lakini hapa nisikilize vizuri. Ile ya sehemu mbili, inayochanganywa na kigumishi, ina isosianati, dawa inayoweza kumletea mtu pumu ya maisha. Kitambaa puani hakizuii kitu. Kama huna maski yenye chujio la mvuke, mwachie fundi aliye nayo. Hata vanishi ya kawaida ipulize nje, penye hewa, mbali na jiko, na watoto wasikaribie. Vikombe vya umeme vinavyochemsha dawa ili mvuke wake uguse fari, mimi sivipendi hata kama vinafanya haraka. Dawa hiyo mara nyingi ni dikloromethani, na ikiingia mwilini inageuka kuwa hewa ya sumu ileile itokayo kwa moto wa makala chumbani.

Kuna watu wanaochagua njia ya mkato: fari ina ukungu, basi waweke ampuli kali. Badala ya ile ya wati 55 na 60, wanaweka ya 100. Hilo ni kosa mara mbili. Nyaya na kioo cha ndani havikutengenezwa kwa joto hilo. Tena ukungu unatawanya mwanga kila upande, hivi kwamba unamulika macho ya shofere anayekuja kuliko njia iliyo mbele yako. Anayepofushwa hivyo ndiye atakayekujia usoni.

Jambo moja bado, na katika Katanga linatuhusu sana. Motokari nyingi tunazonunua zimetoka Japani, usukani kuume. Kule wanashika upande wa kushoto wa njia, kwa hiyo fari zao kwa taa ndogo zinapandisha mwanga upande wa kushoto ili kuonyesha ukingo. Huku kwetu tunashika kuume, na upande wa kushoto ndiko wanakotoka wenzetu. Ukiisha kung'arisha fari za namna hiyo, mwanga utakuwa mwingi zaidi, na utawapiga machoni zaidi. Kuinamisha fari kwa skrubu zake kunapunguza taabu, hakuiondoi. Dawa kamili ni fari zilizotengenezwa kwa njia za kuume, na wakati wa kununua nyingine, uliza hilo kwanza.

Fari mbili zinachukua nusu siku kwa mtu asiye na haraka. Ifanye asubuhi ya siku ya kupumzika, siku kavu, ili vanishi ikauke kabla ya umande. Mangaribi simamisha gari mita 5 toka ukuta, washa taa ndogo, na umwambie mtoto wako mkubwa aseme kama miduara miwili ya mwanga iko sawasawa, na iko chini kidogo ya urefu wa fari zenyewe. Mmoja ukiwa juu, geuza skrubu yake kabla hujashika njia.