Nepi za Kitambaa Zataka Maji



Matajiri wetu hutuambia: mshahara hautoshi, basi acheni nepi za kutupa, fueni za kitambaa. Vema! Kitambaa hukunjwa upya kadiri mtoto akuavyo, kisha humngoja mdogo wake. Lakini mtoto mchanga huchafua nepi nane au zaidi kwa siku, nazo hazifuliwi kwa mate. Mfereji wa nyumba za kampuni ukikauka, mama hununua maji kwa mtungi, na akiba yote huishia hapo.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamwamuru mwajiri kuleta maji safi ya kutosha karibu na nyumba alizowapa wafanyakazi. Hatuombi sadaka; twadai haki. Mfereji wako ni mkavu? Mwarifu mwakilishi wa chama leo.

Umoja ni nguvu!